Maua ya Shangazi Yasiyonukia

Kamba ya makumbi ya nazi ikilowa hunuka tope la pwani, na kila nikiishika namkumbuka shangazi na maua yake ya kipuuzi.

Alirudi kwetu Wingwi kutoka bara na viazi vya maua yaitwayo dahlia, akang'oa muhogo ili avipande. Maua yakarefuka yakampita yeye mwenyewe, rangi ya manjano iliyopauka kama uso wa mgonjwa. Akayafunga kwenye miti kwa kamba ya makumbi yaliyozikwa topeni yaoze, ndiyo kwanza yafukuliwe. Sisi watoto tuliyachotea maji kisimani, lakini kuyagusa, marufuku. Na hayakunukia hata kidogo! Mtu mzima kuhangaika na ua lisilo harufu!

Siku ya harusi ya dada yangu, wanawake walikuwa wanatunga vikuba, vishada vya kuvaa vya asmini na rehani. Shangazi akaingia na mzigo wa dahlia, kaufunga kwa kamba ileile. Somo, kungwi wa bibi harusi, akaunusa mzigo, akakunja pua.

"Bibi wee, mbona haya yanuka makumbi! Ndiyo tumvishe mtu leo?"

Nyumba nzima ikacheka. Shangazi akachomoa ua moja, akaniinamia.

"Shika wewe, mwanangu. Wewe umeyanywesha."

Nikalipokea, nikamtupia mbuzi uani, ili wazidi kucheka. Wakazidi. Mbuzi akalinusa, akaliacha.

Jana mvua iliziangusha dahlia zangu. Leo nimezifunga upya, kwa kamba hiyohiyo, na watoto nimewakataza kuzigusa.