Transista ya redio ya Wanjiru

Leo nimeua redio ya marehemu mke wangu Wanjiru, na mkono yangu mwenyewe.

Hapa Kimbo hakuna fundi wa redio wa kunishinda, ulizeni.

Mwaka jana muuza spea wa Thika aliniambia, "Mzee, chukua transista kumi za hizi redio za zamani, zinaisha." Nikamwambia mimi si mtoto, nitangoja bei ishuke.

Haikushuka. Sasa hata hazipatikani.

Leo mteja wangu Mama Kamau amekuja mara ya nne kuulizia redio yao, imekufa transista. Bwanake haoni, kanisa yake ni hiyo redio.

"Guka, babu yetu, si ulisema wewe ni bingwa?"

Nikafungua redio ya Wanjiru, nikatoa transista yake.

Ya Mama Kamau ikaimba.

Ya Wanjiru nimeifunika na kitambaa chake.

Mwenye ako na hiyo transista aniambie. Bei sitabishana.