Kadi Iliyosinzia Kazini

Mpwa wangu anapiga picha za eksirei kwenye zahanati ninayolinda mimi. Akili zile kazitoa upande wetu, baba yake asijisumbue kudai. Maneno hana. Ukimchokoza anakutazama tu, mpaka unajuta mwenyewe.

Siku hiyo aliletwa muashi aliyeanguka kutoka jukwaani. Alilazwa juu ya ubao, shingo imebanwa kwa mifuko ya mchanga, mkewe kamshika kidole cha mguu. Daktari wa mifupa alikuwa hospitali kubwa, mbali, na kwenye simu alishasema: bila kuona picha zote tatu, asisogezwe, na yeye mwenyewe saa tano anaingia chumba cha upasuaji. Ilikuwa saa nne na nusu.

Picha ya kwanza ikaenda. Kompyuta ikatulia kuandaa ya pili, mtandao ukakatika. Mpwa akaurudisha, ukakatika palepale. Akabadilisha waya, akachomeka tundu jingine, akazima, akawasha. Wapi.

"Huu mfumo mpya umeingia lini?" akauliza.

Nikatazama dari. Jana jioni ujumbe wa mfumo mpya ulinitokea kwenye kioo cha kompyuta hiyohiyo, nikabonyeza Kubali. Mtu mzima haogopi kitufe.

"Vidole vinakufa ganzi," muashi akasema taratibu. Mkewe akanitazama mimi, kama vile sare yangu ni ya udaktari.

Nikakohoa. "Uliingia jana. Niliukubali mimi."

Mpwa hakugeuka. "Baada ya hapo mtandao ulikatika?"

"Hata mara moja. Saa nzima."

"Umejuaje, Mjomba?"

Nimewahi kukaba wezi wawili kwa mkono mmoja, lakini swali lile lilinikaba mimi. "Nilikuwa nacheza drafti. Na watu wa mbali huko. Nilishinda."

"Mara ngapi?"

"Moja."

"Kati ya?"

"Kumi na moja."

Hakucheka. "Drafti inaongea na mtandao muda wote," akasema. "Picha ikiandaliwa panakuwa kimya, kadi ya mtandao inalala."

Akafungua mipangilio. Kweli, mfumo mpya uliiruhusu kadi ijizime kuokoa umeme. Alipotaka kuifuta ile ruhusa, ikadaiwa nywila ya msimamizi, naye yuko safarini, hapatikani. Saa tano kasoro dakika kumi na mbili.

"Kaa hapa ucheze."

"Mbele ya mgonjwa?"

"Cheza, Mjomba."

Nikacheza, jasho likinitiririka mpaka kwenye mkanda, mkono wa mpwa wangu ukipita kifuani pangu kutuma picha. Ya pili ikaenda. Mke wa muashi akachungulia. "Unaliwa huko kushoto," akanong'ona. Nikaliwa kete tatu. Ya tatu ikajikokota, ikajikokota, ikafika.

Simu iliita zimebaki dakika mbili. Mpwa akasikiliza, akaitikia "ndiyo" mara nne.

"Pingili moja ya shingo ina ufa. Lakini haijahama mahali pake. Afungwe kola ya shingo, apelekwe huko polepole."

Mkewe ndipo akakiachia kile kidole, kimekuwa cheupe.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, nikainuka kurudi getini. Mpwa akanirudisha kitini kwa bega.

"Msimamizi anarudi kesho," akasema, "na benchi la wagonjwa bado limejaa."

Nikapanga kete upya.