Karatasi ya Fundi wa Redio

Mpaka leo sielewi. Jumapili moja, baada ya misa, binti wa marehemu kaka yangu aliingia uwanjani kwangu na simu mkononi, akaniambia habari ya baba yake inataka kufutwa. Kufutwa wapi? Kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, akasema, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika. Habari hiyo aliiandika yeye, na sasa watu asiowajua wanajadili kama kaka anastahili kuwemo.

Kustahili! Nilipandwa na hasira.

"Wao njo banani?" nikamuuliza. Ni akina nani hao wa kumpima kaka?

"Shangazi, hata kampuni wanazijadili hivyo." Akanionyesha moja ya ng'ambo, inayotengeneza vipokea sauti visivyo na waya, vya bei ndogo, vile vijana wa hapa Kindu wanavyotia masikioni. Nayo wanaibishania: huyu anasema ibaki, yule anasema itoke. Akanisomea sababu za huyu nikamkubali, akanisomea za yule nikamkubali pia. Kichwa kilinizunguka. Lakini kaka si kampuni, jamani!

Wakati wa vita treni ilikatika, na redio mpya hazikufika tena. Kaka alikusanya zilizokufa, akazifungua, akaunganisha vipuri vya hii na vya ile, akavitia ndani ya visanduku vya mbao alivyovipiga randa mwenyewe. Betri zilizochoka alizianika juu ya mabati, zikapata nguvu kidogo. Ukimpelekea beseni la muhogo, unarudi na redio. Kwa redio hizo ndivyo tulivyojua nani anakuja na nani ameondoka.

Parokia ilikuwa na gazeti lake dogo. Padri akamwandika kaka humo, ukurasa mzima, pamoja na picha. Kaka alilitunza chini ya godoro na kumsomea kila mgeni, hata asiyetaka. Tulimcheka sana.

"Hao wa mtandaoni wanataka gazeti hilo," binti akasema. "Maandishi ya mtu asiye ndugu. Nimeuliza parokia, hawana hata nakala moja. Shangazi, wale askari Baba aliosema walilichukua walikuwa wa upande gani, niulizie huko?"

 

Siku ile kaka alikuwa amevuka mto Lualaba kwenda Alunguli kutafuta chakula. Habari zikaenea mtaani kwamba nyumba zinasakwa, na mwenye redio anaitwa mpelelezi. Basi kila mama akawasha moto: diplome za shule, barua, picha za harusi, chochote chenye jina kikaingia jikoni. Nami nikainua godoro, maana ukurasa ule ulimtaja kaka kwa jina pamoja na redio zake. Gazeti liliungua upesi kuliko nilivyofikiri. Askari wakapita barabara nyingine, hawakubisha hata hodi. Kaka aliporudi na kuliuliza niliona haya, nikasema wamelichukua wao. Sijui nilimwokoa au nilimharibia. Nimejiuliza miaka yote hii na bado sijui.

Nikamweleza binti yake yote, bila kumtazama usoni. Aliweka simu juu ya mkeka.

"Baba alijua?"

"Hapana, mutoto wangu. Alikufa akiwalaani watu ambao hawakuingia kamwe nyumbani mwetu."