Homa ya Kikombe na Salamu za Bibi

Nilikuwa kidato cha tatu, nasoma bweni Mbeya, na likizo ya Juni ilikuwa imekwisha. Jumatatu tunafungua shule, Jumanne testi ya fizikia. Mwalimu alishasema atakayefeli anatolewa kwenye masomo ya sayansi, na mimi nilitaka uuguzi tangu nikiwa mdogo.

Tatizo lilikuwa mada yenyewe, msawazo wa joto. Vitu viwili vikigusana, cha moto hutoa na cha baridi hupokea, mpaka vilingane. Niliikariri nikiwa jikoni, nikaikariri chooni, lakini kuielewa, wapi! Nikaona heri niumwe wiki moja, nipate muda wa kusoma, halafu nipewe testi yangu peke yangu.

Basi asubuhi ya safari nikajifunika blanketi nyumbani kwetu Mlandege, nimekumbatia kikombe cha chai ya moto humo ndani. Mama alipokuja, nikampa mkono. Akaushika kidogo tu, akasema, "Huyu hasafiri leo," akaenda kutafuta dawa. Nilifurahi kishenzi.

Sikuwa nimepiga hesabu ya bibi. Aliingia muda uleule, ametoka Kalenga kwa bodaboda kwenye baridi ile, ameniletea maharage ya kupeleka shule. Akanyoosha mkono. "Kamwene." Nami nikampa wangu.

Sasa, salamu ya bibi yangu wa Kihehe si ya kupita. Ataulizia ulivyolala, kisha shule, kisha tumbo, halafu akueleze ng'ombe wanaendeleaje, na muda wote huo mkono wako anao yeye. Mtoto kuuchomoa ni utovu wa adabu. Mkono wake ulikuwa baridi kama bomba la uani. Nikausikia unapata joto, wangu unapoa. Alipofika kwenye ng'ombe, sikuweza tena kujua upi una moto na upi una baridi.

Akamwita mama.

"Huyu nimemkuta wa moto, sasa tumelingana," akasema. "Mwenye homa hapoi kwa salamu."

Mama akavuta blanketi. Kikombe kikaanguka, chai yote godoroni. Aibu niliyoona siku ile sijaona tena. Saa nne nilikuwa ndani ya basi la Mbeya, na maharage yangu miguuni.

Jumanne swali likaja: toa mfano wa msawazo wa joto. Nikaandika mkono wa bibi, nikajaza ukurasa mzima. Nikabaki sayansi.

Desemba nilipomtembelea Kalenga, nilimkuta amekaa mlangoni na kanga mbili mabegani, juani. Akasema yeye mzima, ni uzee tu. Nikampa mkono. Tukaanza salamu, tukapita shule, tukapita tumbo, tukawamaliza ng'ombe wote. Mkono wake ulikuwa bado unawaka. Nikaogopa. Nikaanza salamu upya kutoka mwanzo, nikiomba upoe, na haukupoa.

"Bibi," nikasema, "mwenye homa hapoi kwa salamu."

Akatazama pembeni, akajaribu kuuchomoa mkono. Sikumwachia. Nilimshika hivyohivyo mpaka zahanati, yeye njia nzima akilalamika kwamba shule imeniharibu.