Vidonge vya Bibi, Uso wa Mama

Siku ninayotaka uijue, mwanangu, ni ile Mama alipoambiwa anawe uso mbele ya mgeni. Nakuandikia wewe ambaye hujazaliwa kwa sababu walio hai nawaonea haya. Niko darasa la kumi tu, sina mvi hata moja, lakini jambo lenyewe ni la damu, na damu hii ndiyo utakayozaliwa nayo.

Mama alikuwa na msiro usoni tangu asubuhi hadi jioni. Kwetu hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, hakuna anayeuliza. Mwanamke akisaga kijiti cha msiro juu ya jiwe, akajipaka ule uji mweupe, watu husema anajitunza. Hata mimi nilisema hivyo. Kumbe chini yake kulikuwa na wekundu, mashavuni na juu ya pua, uliozidi kila akikaa juani. Vidole vilimvimba, nywele zikabaki kwenye kitana. Kichwa kikimgonga, Bibi, yaani mama yake mzazi, alifungua pindo la kanga akampa kidonge chake cha presha.

"Meza. Presha yetu ni moja. Babu yako alikuwa nayo, mimi ninayo, nawe unayo. Ni ya ukoo."

Ndivyo tulivyoishi. Chungu kimoja, kanga zinazunguka, vidonge navyo vinazunguka. Nani angeona kosa hapo?

Miguu ilipomvimba mpaka kandambili zikamkataa, tukaenda hospitali wote watatu, tukapanga bicha, yaani foleni, mpaka jua likawa kali. Daktari, dada mmoja wa kusini, hakujua lugha yetu. Kwa hiyo mimi, ninayetetemeka nikiulizwa jina darasani, nikawa mdomo wa wote. Alimpima Mama presha, akapima na mkono wa pili. Kisha akaniambia kwa Kireno, mama yako anawe uso.

"Mama, anasema... uso."

"Uso una nini?"

"Uoshe."

"Mbele za watu? Kaniona nimetoka jikoni?"

"Osha, Fatuma," Bibi alisema. "Sote hapa wanawake, na hakuna harusi inayokusubiri."

Maji yalipogeuka meupe kwenye beseni ndipo nilipouona uso wa mama yangu. Nikatazama dirishani. Daktari hakushtuka. Aliuliza habari za viungo, nywele, jua, akachukua damu na mkojo. Tuliporudi kwa majibu alisema ni lupus. Ulinzi wa mwili unamsahau adui, unaupiga mwili wenyewe, viungo, ngozi, na kwa Mama figo pia. Figo zikiumia, presha hupanda. Vidonge vya Bibi vilikuwa vinaiteremsha kidogo tu, huku figo zinaendelea kuumia bila mtu kujua.

Hapo nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikadhani basi si ya ukoo, mimi nimepona. Nikauliza. Akasema huenda na ya ukoo imo. Tena dawa ya kutuliza viungo, ambayo Mama lazima aanze kuimeza, nayo inaweza kuipandisha.

"Sasa ipi ndiyo iliyompandisha Mama presha, lupus au ya ukoo?"

"Não sei," alisema. Sijui. Huenda zote mbili zimeshikana. Wanaochunguza mambo ya kurithi bado wanatafuta kwa nini wagonjwa wawili wa lupus, mmoja hupandwa na presha na mwenzake hapandwi.

Nilichanganyikiwa, mwanangu. Sikujua kama daktari anaweza kusema sijui. Na Bibi alikuwa ananivuta mkono.

"Anasemaje? Ni mimi niliyempa?"

Nikatafsiri vivyo hivyo. Daktari akamtazama Bibi mwenyewe, si mimi. Akasema mtu hampi mwanawe presha kama anavyompa kanga. Mwana huzaliwa na wepesi wa kuipata, mengine hutokea njiani.

Bibi akalikunja pindo la kanga. "Basi huo wepesi nimempa mimi."

Hilo sikumtafsiria daktari.

Jioni Mama kichwa kikamuuma, akanyoosha mkono kwa Bibi kama alivyozoea. Bibi akalikaza pindo.

"Vyako viko kwenye kikapu."

"Umekuwa mchoyo siku hizi, mama."

"Mchoyo, ndiyo. Kanga chukua."

Wakacheka. Kisha Bibi akaniona pale mlangoni. "Na wewe, tukirudi kule, mkono wako upimwe."

Nilisema siumwi. Akasema hakuniuliza kama naumwa. Nikapimwa. Ule mpira wa kupimia ulinibana, nikafumba macho. "Iko sawa," daktari alisema, "leo." Hilo "leo" bado ninalo kifuani.

Basi, mwanangu, ukisikia "ni ya ukoo", usilale hapo. Endelea kuuliza. Toa mkono upimwe hata kama huumwi, na usimeze kidonge cha mtu mwingine, hata cha mama yako. Msiro jipake, ni uzuri wetu, ila uso wako tuuone kwanza. Mwambie daktari sisi tulikuwa nani: baba yake Bibi presha, Bibi presha, Mama presha na lupus, mimi bado. Akikuambia hajui, usimkasirikie. Rudi tena.

Mungu akupe damu iliyotulia. Na akikupa hii yetu, akupe na mdomo usioona haya, si kama wangu.