Dakika Kumi za Gwakisa kule Masukulu

Koplo Gwakisa, mwenzangu kikosini, alikuwa hajawahi kumwona mtoto wake. Atupele alizaliwa tukiwa tumeshavuka mpaka kwenda kulinda amani. Sasa ana miezi saba, na kwao Masukulu, wilayani Rungwe, wana simu ya vitufe tu. Nilipopata likizo, Gwakisa alinisindikiza hadi kwenye gari.

"Jumamosi saa kumi alasiri ni zamu yangu ya mtandao. Dakika kumi. Nenda na simu yako kubwa, nataka niwaone wote: mzee, mama, mke wangu Neema na mtoto."

Nilimwahidi kuwapanga kwenye benchi moja kama picha ya harusi.

Ijumaa asubuhi niliondoka Mbeya. Isongole kulikuwa na ukungu, na akina mama walipanga viazi kwenye ndoo kando ya barabara. Tukuyu ilinipokea kwa mvua. Nililala mtaa wa Msasani, hapohapo mjini, nikachaji simu hadi ikajaa.

Jumamosi saa nne nilipanda bodaboda. Sisi watu wa Singida hatujazoea kona za namna ile.

"Kamanda, hiki siyo kifaru," dereva alinionya. "Nikilala kwenye kona, na wewe lala."

Saa sita nilifika. Mama yake Gwakisa alinishika mikono yote miwili. "Ndaga, mwanangu, ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa, kisha akanipakulia ndizi na maharage. Nyumbani simu haikushika mtandao. Ulipatikana kilimani tu, kwenye banda la kukusanyia majani ya chai.

Saa tisa na nusu benchi langu lilikuwa tayari mbele ya banda. Mzee alikaa. Neema akatokea njiani na mtoto mgongoni, akamwona mzee, akajifunika khanga usoni na kuzama katikati ya michai. Mzee naye akageuka upande wa pili, akikohoa.

"Wamegombana?" nilimnong'oneza mama.

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Wagombane kwa lipi? Huyu ni mkwe wake. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Ndiyo heshima yenyewe."

"Gwakisa hakuniambia."

"Hilo nalo la kuambiwa?"

Nilitazama saa. Kumshusha mmoja kilimani na kumpandisha mwingine kungemaliza dakika zote kumi, na mwenzangu alitaka kuwaona wote.

"Askari," mzee alisema bila kugeuka, "banda lina ukuta. Utumie."

Basi mzee akakaa upande wa mashariki, Neema upande wa magharibi, mimi nikasimama kwenye pembe na simu yangu.

Saa kumi ikaita. Nilimwelekezea mzee kwanza.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umekonda."

"Ni kamera, tata."

Mama alimchukua mtoto kwa Neema, akazunguka ukuta na kumweka mapajani mwa babu yake. Mtoto akaivuta kofia ya mzee. Kwenye simu Gwakisa akaisogelea kamera mpaka nikaona paji la uso tu.

"Gwakisa?"

"Nipo. Usiisogeze."

Kisha mama akamrudisha mtoto, nami nikageuka hatua moja.

"Unakula?" Neema aliuliza.

"Nakula."

"Mwongo wewe."

"Askari," sauti ya mzee ikatoka ng'ambo ya ukuta, "waambie wamwonyeshe meno."

Neema aliinua mdomo wa mtoto kwa kidole. Meno mawili. Nyuma ya Gwakisa kikosi kizima kilipiga makofi, na sauti yake ikatufikia juu ya makelele: "Nimewaona wote." Hapo muda ukaisha.

Jumapili niliteremka Tukuyu na mkungu wa ndizi mapajani. Niliporejea kikosini, kila mtu alikuwa ameshasimuliwa habari ya benchi langu, na wanne walikuwa wakinisubiri waniagize makwao likizo ijayo. Nimewakubalia wote. Ila kabla ya kupokea salamu ya mtu, namuuliza kwanza: kwenu nani hakai na nani?