Miguu ya Vitaa

Juzi nilinunua vitaa vya LED duka moja la Kibokoni, nikamuuliza muuzaji nitajuaje upande wa kuunganisha waya. "Mguu mrefu ndio chanya," alisema. "Ukikosea, dada, kigeuze tu."

Nikalipa, nikikumbuka vitaa vya kwanza nilivyovishika, utotoni.

Dada yangu Salma alikuwa amegeuza kabati la vyombo kuwa mashine ya michezo ya video, na kazi iliyobaki ilikuwa kutia taa ndani ya vitufe. Chumba kilinuka vanishi na risasi ya kuungia waya iliyoyeyuka. Baba alikuwa ameshachoka na kelele za nyundo. "Nikirudi msikitini halijawaka, kabati larudi jikoni," alisema, akashuka ngazi.

Salma naye akaenda chumbani kusali alasiri, nami nikabaki na vitaa sita. Kila kimoja kilikuwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwenziwe. Mama kila alipomaliza kushona kofia alikuwa akikata nyuzi zilizoning'inia, na mimi nikadhani kazi ni ile ile. Nikachukua mkasi wake, nikaisawazisha miguu yote.

Salma aliporudi aliviangalia. Alivitia hivyo hivyo kwa kubahatisha, huku viatu vya baba vikisikika ngazini. Akawasha. Vitufe viwili vikang'aa, vinne vikabaki kiza.

"Hivi vina nini?" baba aliuliza.

Salma akaitazama ngumi yangu, iliyofumba vile vipande vya miguu nilivyokata.

"Nimevikata vibaya, baba," Salma alisema. "Ni mimi."

Kabati lilirudi jikoni kabla ya magharibi. Vilikuwa vitaa vinne tu, na vilitaka kugeuzwa.